Gitaa la Tumbo Jembamba

…na bado hajanitazama, huyu mwenye duka, tangu tumeingia macho yake yako kwa Raphael tu, kwenye shati la Raphael, kwenye saa ya Raphael iliyosimama tangu mwaka juzi, "karibu bosi, karibu sana, niite Said, umekuja siku njema, mzigo umeingia juzi tu kutoka Dubai," na mimi nimesimama hapahapa kama fagio lililoegemezwa mlangoni, mimi Kristina, mpigaji solo wa Lupanga Jazi tangu enzi ilipokuwa bendi ya kiwanda cha nguo, mimi ndiye niliyekuja kuchagua gitaa, si yeye, yeye ni mtu wa besi, shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, na kiongozi wa bendi, sawa, sikatai, lakini gitaa linalonunuliwa leo ni la solo na mwenye kulikumbatia ni mimi, basi mwambie, Raphael, mwambie huyu bwana kwamba mteja wake ni huyu mama hapa, ni neno moja tu, halikaushi mate… hasemi, anacheka, kile kicheko chake cha mbele ya watu wenye mali, na Said ameshamwekea mikononi lile gitaa jeusi la dirishani, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi, lina pembe mbili, lina mkono wa chuma wa kuliza sauti, "hili ndilo wanalopiga vijana wa Dar sasa hivi, bosi, hili ndilo la kisasa," naye Raphael analikwaruza kwa dole gumba kama anakuna upele, halitoi kitu, litatoa nini na umeme umekatika, mgao, leo zamu ya mtaa huu, amplifaya imekaa pale chini kama mzigo wa mkaa, na bila umeme lile ni ubao tu, ubao mzito uliopakwa rangi, lakini angalia anavyolitikisia kichwa, anavyosema "enhee, enhee," kama amelisikia, amesikia nini… mimi nimeshaliona langu. Liko ukutani, kati ya saa za ukutani na redio kaseti, rangi ya asali, uso wake umebinuka kidogo katikati kama mgongo wa kobe mchanga, na huku na huku kwenye nyuzi kuna matundu mawili marefu yaliyojipinda, kama yale ya fidla aliyokuwa nayo Padri pale misheni, na tumbo lake jembamba, lahaula, tumbo jembamba hata nikiwa nimesimama hapa naona vidole vyangu vinne vinalimaliza, nikanyoosha mkono nikalitungua mwenyewe, kwa sababu kama nitasubiri kukaribishwa nitazeeka, na sasa ndiyo nasikia sauti yake kwa mara ya kwanza kuja upande wangu, "taratibu mama, hilo si la kuchezea." Si la kuchezea! Uwiii, mimi huyu… nimefumba mdomo, nimeivuta stuli, nimekaa, kwa sababu nikimjibu sasa nitamjibu mambo ambayo si yake peke yake, nitamjibu ya miaka yote, na duka ni dogo, halitatosha.

Nimekaa, nimelilaza pajani, nimengoja maumivu. Huwa yanakuja hapohapo, upande wa kulia, chini ya ziwa, kona ya sanduku inapogusa zile mbavu mbili zilizounga vibaya… nimengoja… hayaji. Nimeinama kama ninavyoinama nikiwa naitafuta sauti ya juu, bado, hayaji, gitaa limejibana kwangu kama mtoto aliyeshiba, mkono umepita juu yake bila bega kupanda hadi sikioni, jamani, hivi ndivyo watu wengine wanavyopiga? Hivi ndivyo wanavyokaa na gitaa, kwa raha tu namna hii, bila kuuma meno? Nami nilikuwa nadhani muziki ndio unauma. Tangu ile siku ya kwenda Turiani, tulialikwa kuwapigia wakata miwa sikukuu yao, lori la kiwanda, vyombo chini sisi juu, mimi nimelipakata gitaa la kiwanda, lile kubwa lenye sanduku nene kama debe, Raphael akaniambia shemeji liweke chini nikasema litavunjika, na tulipopita Dakawa dereva akakwepa ng'ombe na lori likalala ubavu taratibu kabisa, kama mtu anayejigeuza kitandani, sikuanguka juu ya mawe, nilianguka juu ya gitaa, lenyewe halikuvunjika, mimi ndiye niliyevunjika, nikaokotwa bado nimelishika… na pale hospitali Raphael alikuja kila siku na chupa ya uji, lazima niseme kweli, alikuja kabla hata ya dada zangu, akakaa kitako akalia, "shemeji, ukifa wewe bendi imekufa," ndivyo alivyosema, kwa kinywa chake, hapo hajawa kiongozi, hapo alikuwa bado ananiuliza vidole vinakaa wapi kwenye besi, na mimi nikimwonyesha, nikiwa nimefungwa bandeji hadi kwapani namwonyesha juu ya shuka… na nilipopona nikarudi jukwaani na kanga nimeikunja mara nne nimeipachika kati ya gitaa na ubavu, upindo unaning'inia, na wanawake wa mji huu wakadhani ni mapambo, kufika Pasaka kila ukienda dansini unakuta mwanamke amejining'iniza kanga upande wa kulia, wanaita "mtindo wa Kristina," nikicheka mbavu zinauma, nisipocheka zinauma, basi nikawa nacheka.

"Hilo la ukutani bosi ni la wazungu wazee," anasema Said, "lilikuja tu katikati ya vitu vingine, sauti yake ndogo, mimi sikufichi," na hapo mimi nimegusa uzi wa tatu tu, mmoja, kwa ukucha, na sauti imetoka kwenye yale matundu mawili bila umeme wa mtu yeyote, nene na laini, imezunguka pale juu kwenye mabati na kurudi, hata yule mama aliyekuwa anabishania bei ya pasi ya umeme kaunta ya pili amegeuka, lakini hawa wawili hawakugeuka, wanaangalia kile chuma cha kuliza sauti, Said anakibonyeza anakiachia, anakibonyeza anakiachia, na Raphael "enhee". Sauti ndogo! Ndiyo hiyo wanayoitaka hotelini, Raphael, umesahau? Si ulikuja Bigwa mwenyewe, ukakaa barazani kwetu, ukasema hoteli mpya ile ya mwekezaji inataka bendi ya kila Ijumaa, lakini siyo mduara, siyo zile za kutoa jasho, wanataka jazi ya taratibu, ya watu wanaokula samaki kwa uma, watu wa miradi na wageni wao, na ukaniuliza, "shemeji, hiyo jazi yao unaijua?" kwa sababu sisi bendi zote za nchi hii tuliziita jazi, kila mji na jazi yake, na walioijua jazi yenyewe wakawa wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na mimi nikakuambia naijua kidogo, kwa kuwa yule mhadhiri wa Mzumbe aliyesoma nje alinipa kanda zake mbili nikazisikiliza mpaka utepe ukakatika nikauunga kwa rangi ya kucha, ile mishiko yake ya vidole ya ajabu, kidole kimoja kaskazini kingine kusini, niliipata mmoja mmoja jikoni kwangu, ugali unaungua, Mikaeli anakuja ananusa anasema "mke wangu, leo tunakula muziki tena?" na anakula ule ulioungua… Mikaeli mtu wa kabichi, hajui do wala re, lakini leo asubuhi kabla sijateremka aliacha kumwagilia akaja mpaka njiani na miguu ya matope akasema, "usije ukanirudia na kitu kinachokuumiza, hata wakikupa bure," hivyo tu, akarudi kwenye matuta yake, huyo ndiye mtu ambaye hajawahi kupanda jukwaani, na hawa waliopanda na mimi miaka yote hawajawahi kuniuliza, ubavu unaendeleaje.

Nimejaribu ule mshiko wa kwanza wa kanda ya mhadhiri, mkono wa kushoto unazunguka shingo ya gitaa bila kutafuta, shingo nyembamba, nyuzi ziko chini, hazihitaji kukamuliwa, aliyelitengeneza alimfikiria mtu mwenye mwili, si msumari wa kulitundikia, na kutundika huko mimi nakujua, oo nakujua vizuri, kwani lile gitaa la kiwanda limekwenda wapi? Walipokuja na habari zao za ubinafsishaji, kiwanda kimeuzwa, mitambo imeuzwa, sisi tumepewa mikono ya kwaheri, na vyombo vya bendi, vyombo tulivyovibeba sisi wenyewe kila kijiji mpaka kule milimani kwa miguu, wakaviandika mali chakavu, wakavipima kwa mizani pamoja na vyuma vya mitambo ya kufumia na mabeseni ya rangi, sikuwepo, niliambiwa, nikasema potelea mbali, gitaa litapata mtu mwingine wa kulipiga… halafu mwaka jana, wakati wa zile kampeni za vyama vingi, tunapigia chama hiki mchana na chama kile jioni, tukaingia baa moja pale Msamvu kunywa maji, nikainua macho, nikaliona. Ukutani, juu ya friji. Hakuna hata uzi mmoja, kifuani wamelitoboa tundu kubwa zaidi, na humo ndani wamepanda maua ya plastiki. Maua ya plastiki, mekundu! Upande wa kulia bado lina ule weupe ambapo kanga yangu ilisugua rangi ikaisha. Nilimwuliza mhudumu, mwanangu hiki ni nini, akasema "pambo, mama," na Raphael akanivuta mkono, "twende shemeji, tusiwaharibie watu biashara yao," biashara yao… sasa kila kitu ni ruksa, ruksa kuuza, ruksa kutoboa, ruksa kupanda maua kwenye kifua cha mtu, ila mimi kuuliza ndiyo siyo ruksa, mimi nikiuliza naharibu.

"Na huyu mama ndiye mwimbaji wenu?"

Ameuliza Said. Hajaniuliza mimi, amemwuliza Raphael, kwa chini, lakini mimi masikio ndiyo kazi yangu. Na sasa Raphael atasema. Nimeacha kupiga makusudi, nimewapa ukimya wote, haya, sema, ni rahisi, huyu ndiye solo wetu, maneno manne… "Aa, huyu ni shemeji yangu," anasema, anajifuta shingo, "ana sikio kali sana, amekuja kunipimia tu. Mpigaji ni kijana wangu mmoja, Deogratias, anakuja Jumamosi kutoka Dar."

Kunipimia tu.

Nimesikia vibaya. Sikusikia vibaya. Nani? Deogratias, yule aliyekuja kwenye msiba wa Mzee Stambuli akapiga gitaa na kinanda pia, mtoto mwenye vidole vyepesi, anapanda ngazi za sauti na kushuka bila kupumua, ndiye mpigaji? Mpigaji wa nini? Wa wapi? Tangu lini? Na mimi nimeamka alfajiri nimechana nywele nimevaa gauni la Noeli, nimeteremka kutoka Bigwa kwa miguu najiambia Kristina mwaka huu na wewe utapiga bila kanga, na wewe utakaa kama watu… nimekuja kupima. Kama mizani, ile waliyopimia vyuma. Tulia. Tulia kwanza, usilibane hivyo gitaa, halijakukosea. "Kijana atalipenda hili jeusi, hamna shaka," anasema Said, na Raphael anasema "ngoja shemeji aseme, yeye hadanganyiki," halafu ananigeukia na tabasamu lile lile la baraza la Bigwa, "eti shemeji, unaonaje, lipi? Hilo lako au hili?" Hilo lako! Amesema lako, ulimi wake umesema kweli bila yeye kujua, nami nimemtazama tu, nikagusa uzi, nikasema "nasikiliza," sauti imenitoka nyororo kabisa, sijui imetoka wapi, naye ameridhika, amesogea karibu, ameinama, harufu ya karafuu anayotafuna kuficha gongo, ananong'ona, "usinielewe vibaya, shemeji, si mimi, ni meneja wa hoteli, amesema mbele anataka sura changa, wageni wale wanapiga picha… lakini wewe uko palepale, nani atakutoa? Utaimba itikio, na utamfundisha kijana nyimbo zetu, zile zako ndizo meneja anazozipenda, na hiyo mishiko ya kwenye kanda umwonyeshe, ana akili, ataishika upesi tu," na mkono wake umenigusa bega, bega la upande wa ubavu, kwa upole, kwa upole wa kweli, ndiyo maana nataka kuung'ata.

Anarudi kwa Said. Wanazungumza habari za begi la kubebea, kama linakuja na gitaa au linanunuliwa mbali. Na mimi nimekaa. Sura changa… uso wangu ulikuwa mchanga pale kiwandani, na mkurugenzi wa wakati ule akasema mwanamke na gitaa ni vioja, mvalisheni sketi fupi acheze mbele, na nikakataa, nikaenda na gitaa la Mjomba Yakobo lango la kiwanda kila saa ya kubadilishana zamu, nikawapigia wanaotoka na wanaoingia mpaka watu wakachelewa kazini na mkurugenzi akasema basi mwingizeni ndani tujue moja, kwa hiyo nilipokuwa kijana nilikuwa mwanamke mno, na sasa mwanamke siyo tatizo tena, sasa ni uzee, kesho watapata nini? Mjomba Yakobo angewacheka. Alirudi kutoka mashamba ya katani hana kitu ila gitaa na kikohozi, nikiwa mtoto, kule juu milimani kwetu, natumwa kulinda mahindi ya mama yasiliwe na nyani, na yeye kwa kuwa hawezi tena jembe anakuja kukaa na mimi kibandani, ukungu umefunga mpaka huoni mguu wako, ananishikisha vidole, "piga, nyani wakisikia mtu yuko macho hawaji," na shamba lile ni la mama, lilikuwa la mama yake mama, kwetu ardhi inafuata tumbo, mwanaume anaoa anakuja kulima kwa mkewe na hakuna anayeona ajabu, hakuna aliyewahi kusimama pale mlimani akamwuliza mjomba, na huyu msichana je ndiye nani, kila mtu alijua ni nani, ni mwenye shamba.

Niseme jeusi. Ndiyo, hiyo nayo inawezekana, niseme "shemeji, chukua jeusi, ndilo bora," kwa uso mkavu, kijana alibebe lile jiwe kila Ijumaa, na umeme ukikatika katikati ya samaki wao abaki ameshika ubao mdomo wazi, na Raphael ataamini kwa sababu mimi sidanganyiki, na mimi nitakwenda zangu Bigwa… hapana. Kijana hajanikosea kitu, hata salamu yake ilikuwa nzuri pale msibani, "shikamoo mama, mimi nimekulia kwenye nyimbo zako," aliinama kabisa, na jeusi si gitaa baya, lipelekwe kwenye mduara, lipelekwe kwenye mavumbi na watu wanaoruka, litalia vizuri tu. Lakini hebu nifikirie hilo jingine, hilo la kumfundisha. Nimwonyeshe nini? Ule wimbo wa Ijumaa Kuu ya mvua, nilioutunga mwaka ule maporomoko ya udongo yalipochukua nyumba kule juu kwetu, kuna mahali katikati unanyamaza, gitaa linanyamaza kabisa, ngoma peke yake inatembea, na mtu yeyote aliyezika mtu mwaka ule akifika pale anajua, nilikaa na ule ukimya wiki nzima kabla sijajua ukubwa wake, na yeye atafika pale ataujaza, lazima ataujaza, vidole vyake haviwezi kusubiri, watu watapiga makofi, na meneja atauliza wimbo huu wa nani naye Raphael atafanya kile anachofanyaga redioni, "ni wa bendi"… nimeupiga sasa hivi, kumbe, vidole vimeuanza vyenyewe, chinichini, nimefika kwenye ukimya, nimenyamaza… yule mama wa pasi ameweka pasi kaunta. Amesimama tu anatazama sakafu. Na Said pia amekatika katikati ya neno lake, begi mkononi, "huo… si ule wa… mama yangu alikuwa anauimba huo jikoni," anasema, kwa mara ya kwanza leo ananitazama usoni, lakini Raphael amemgusa mkono, "ndiyo, ni wetu huo, wa zamani, haya begi hili je, zipu yake ni nzima?"

Wetu.

Sasa mbona sitetemeki? Dakika chache zilizopita nilikuwa nachemka mpaka masikio, na sasa nimetulia kama maji ya kisimani, hasira haijakwenda popote, ipo, naiona, lakini imekaa, imepata stuli yake. Kwa sababu nimeelewa. Nilidhani wananitoa. Hawanitoi, wangenitoa ningelia nikaenda nyumbani, wao wanataka kubaki na kila kitu, masikio yangu yabaki ya kuchagulia, koo langu libaki la kuitikia, kichwa changu kibaki cha kufundishia, mikono yangu wampe kijana aivae, wanataka kila kipande isipokuwa mwenye vipande. Na hilo, Raphael, haliwezekani, wewe unayejua besi unapaswa kujua, wimbo haubebwi na begi la zipu, ule ukimya uko hapa, kwenye huu mwili ulioinama hivi kwa sababu mbavu zake ziliunga hivi, nami sijasaini popote kwamba unauzwa pamoja na kiwanda. Kijana akitaka kujifunza aje Bigwa, nitamfundisha, kwa jina langu, amekaa chini kama nilivyokaa mimi, lakini mahali pangu simpi, hilo silifundishi. Namwona shemeji yangu, kola ya shati ameigeuza ndani nje ili isionekane imechakaa, jasho limemshuka hadi kwenye kidevu, anaogopa, masikini, anaogopa meneja, anaogopa mwekezaji, anaogopa hata huyu Said na mzigo wake wa Dubai, kati ya watu wote wanaoweza kumnyang'anya Ijumaa yake mmoja tu hajawahi kumwogopa, mimi, nami nimempenda kama mdogo wangu na nitaendelea kumpenda, hilo ni jambo jingine, hilo liko pembeni kabisa. Jibu ninalo. Nimelipima mdomoni, ni fupi, halina tusi hata moja: ni hili, Raphael, na mpigaji wake ni mimi, na kama meneja wako anataka mpigaji mwingine mtafutie na nyimbo nyingine. Labda atanuna. Labda Ijumaa zitakwenda kwa wengine na sisi tutabaki na harusi za Bigwa na makabichi ya Mikaeli, nimeliangalia hilo pia, nimeliangalia machoni, halinitishi kama nilivyodhani, kinachonitisha ni kukaa pale nyuma kwenye maiki ya itikio namsikia mtu anaujaza ule ukimya.

"Shemeji," anasema, "mbona kimya? Watu wanataka kufunga. Lipi?" na amenyoosha mkono, kiganja kimefunguka, anasubiri nimpe gitaa alitie kwenye begi, na nje mtu anapita na baiskeli ya mbogamboga anapiga kengele, na umeme bado haujarudi, na Said ananitazama, sasa ananitazama yeye, na mimi bado nimekaa, gitaa liko pajani, nimelisogeza hivi kidogo, kifuani, upande wa kulia, haliumi hata kidogo, na mkono wake uko palepale hewani, nami nimefungua mdomo nimjibu, na gitaa silitoi.